Raba za Mtoto wa Nesi

Nyie mnaouza raba sasa hivi pale sokoni, mmenifuata nyumbani mara tatu mkitaka niwaambie mtu mnene anayeanza mazoezi apewe raba ya namna gani. Kila mara nimewapa jibu tofauti, mkaondoka mnacheka. Siwafichi kitu. Nimeuza raba za mitumba hapa Mpanda miaka ishirini na miwili, mpaka mgongo ukakataa kuinama juu ya belo, na swali hilo bado linanichanganya. Ninayoyajua nitawaambia. Nisiyoyajua nitawaambia pia, na hayo ndiyo mengi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Rubeni, Muha aliyekuja Mpanda kwa treni, akakaa, akazeekea kwenye meza ya viatu. Yeye hakuwa na mashaka na kitu chochote. Alikuwa anachukua raba, anaiweka mezani, anachutama mpaka jicho lake linakuwa sawa na meza, halafu anaitazama kwa nyuma. "Mama Kulwa," ananiambia, "raba iliyolala upande imekwisha, hata kama inang'aa kama imetoka dukani jana. Aliyeivaa kwanza ameshaikunja mgongo." Kisha anabonyeza sponji ya katikati kwa dole gumba. Ikirudi polepole na kuacha mikunjo, anaitupa chini ya meza. Kisha anashika ncha na kisigino, anaisokota kama mtu anayekamua nguo. Ikijisokota kirahisi, hiyo nayo chini. Raba nzuri inakunjika pale vidole vinapokunjika, sio katikati ya unyayo.

Hayo yote yashikeni. Yamenisaidia hata kuliko maombi.

Lakini Mzee Rubeni alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: mnene mpe laini. "Mtu mzito ni gunia la mpunga," anasema. "Gunia ukilishusha chini kwa kishindo linapasuka. Lishushe juu ya godoro." Mimi nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mimi mwenyewe ni mwembamba tangu nizaliwe, watoto wangu wembamba, mume wangu ukimtazama kwa ubavu humwoni. Sikuwahi kubeba uzito wa mtu mwingine isipokuwa mapacha wangu nilipokuwa na mimba yao. Nikauza laini miaka na miaka.

Mara siku moja anakuja bwana mmoja anayefanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, anapekua meza yangu, ananiambia, "Mama, hizi laini sana usiwape wanene. Mguu unazama, kifundo kinayumba, goti linalipa." Nikashika hilo. Wiki ileile anakuja kocha wa timu ya mtaani, ananiambia kinyume chake kabisa: ngumu inaua magoti. Nikawatazama wote wawili nikaona ni watu wenye akili timamu. Na wateja wangu nao hivyohivyo, mmoja anasifia laini, mwingine anairudisha analia. Nikaanza kuuza kwa kukisia. Hapo ndipo nesi wa Kakese aliponikuta.

Nesi Paskazia alikuwa kwenye zahanati moja kule, mama mkubwa wa mwili, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ukiisikia unanyamaza. Kazi yake hasa ilikuwa kliniki ya watu wa presha na sukari. Anawapima, anawaambia wapunguze chumvi, anawaambia watembee. Wifi yangu Sesilia, dada wa mume wangu, anaishi Kakese na ni mgonjwa wa presha, na ndiye aliyekuwa ananiletea habari za huko. Alishaniambia kwamba wagonjwa wengine wakitoka nje wananong'ona: yeye mwenyewe mbona hatembei?

Siku ya kwanza nesi alikuja mchana wa jua kali. Akasimama, hakukaa kwenye benchi.

"Nataka raba za mtoto wangu," akasema. "Anaanza mazoezi."

"Anavaa ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Basi, mimi nikamaliza kila kitu kichwani mwangu. Arobaini na mbili ni mvulana. Mvulana anayeanza mazoezi ni mpira. Nikamtolea raba nyepesi yenye soli nyembamba, ile ambayo vijana walikuwa wanagombania wakati ule. Sikuuliza ana kilo ngapi. Sikuuliza atakimbilia barabara ya lami au ya vumbi, wala kama anakimbia au anatembea tu. Akalipa, akaondoka. Nikajiona nimefanya kazi.

Nyie, hilo ndilo kosa la kwanza na mnalifanya kila siku, nawaona. Mtu anataja namba, nanyi mnashika namba. Namba ni uongo mtupu. Arobaini na mbili ya nchi hii ni arobaini na moja ya nchi ile, na mguu wenyewe asubuhi ni mwingine, jioni mwingine. Mtu mzito akisimama tangu asubuhi, mguu wake jioni unavimba na kutanuka. Kwa hiyo mwambieni aje mchana umeshakwenda, aje na soksi atakazovaa kweli, na mpimeni mguu ulio mkubwa, maana miwili haifanani. Mbele ya kidole kirefu iachwe nafasi ya dole gumba moja. Wengine wataona aibu, watasema raba kubwa zinawafanya waonekane na miguu ya tembo. Waacheni waseme.

Baada ya wiki tatu hivi nesi akarudi na raba kwenye mfuko. "Mtoto anasema kisigino kinamchoma asubuhi akishuka kitandani. Akitembea kidogo kinaacha."

Nikakumbuka gunia na godoro. Nikampa laini, raba nene nyeupe, ukiibonyeza kidole kinapotelea ndani kama kwenye mkate. Akaondoka nayo.

Haikupita muda akarudi. "Kisigino kimepona kidogo, lakini sasa vifundo. Anasema anajiona kama anatembea kwenye tope la jaruba la mpunga."

Nikaweka zile raba mezani, nikachutama kama nilivyofundishwa. Nikashtuka. Zilikuwa zimelala kwa ndani zote mbili, sponji imebonyea upande mmoja, ukuta wa nyuma unaoshika kisigino umevunjika. Raba niliyoitoa nzima! Nikajiuliza, huyu mvulana ni wa namna gani?

"Nesi, mtoto wako anabeba magunia ya mpunga mashineni?"

"Habebi. Amemaliza shule, yuko nyumbani."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Nikampa ya tatu, safari hii ngumu, yenye ukuta wa nyuma imara, ile ambayo bwana wa viungo angeisifu. Ilikuwa nyembamba kwa mbele, niliona, lakini nikajisemea itatanuka. Raba ya mazoezi haitanuki. Ya ngozi inatanuka, ya mazoezi inasubiri kidole chako kishindwe.

Akarudi Jumamosi moja, soko limejaa. Akatoa raba, akasema kwa sauti yake ya chini, "Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi."

Mimi siku ile nilikuwa nimechoka, nimebishana na wateja tangu asubuhi, na hizi raba zilikuwa zinanitesa kichwa kuliko hesabu za shule. Nikainyanyua moja juu, nikasema kwa sauti ya sokoni, sauti ambayo mnaijua:

"Nesi! Mtoto gani huyu anakanyaga kama mtu mzima wa kilo mia?"

Deusi, yule muuza viatu vya ngozi wa meza iliyotazamana na yangu, hakuwahi kuachia neno lipite. Akapiga makofi. "Mama Kulwa nawe! Mtoto mwenyewe si huyo amesimama mbele yako?"

Watu wakacheka. Wateja wakacheka, wapita njia wakacheka. Na mimi nikacheka. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kwamba sikucheka, lakini nilicheka.

Nesi akachukua raba mkononi mwangu, akazirudisha kwenye mfuko taratibu, moja, halafu nyingine, akageuka. Akawa anaenda, nami namtazama kwa nyuma. Alikuwa amevaa ndala za ngozi zilizochakaa. Na zile ndala zilikuwa zimelala kwa ndani zote mbili, upande uleule, kwa kipimo kilekile cha zile raba nyeupe.

Nikaacha kucheka. Nikasema moyoni: kumbe. Hakuna mtoto. Ni yeye mwenyewe.

Kila kitu kikakaa mahali pake, au mimi niliona hivyo. Nesi anawaambia watu watembee, wanamnong'ona, anaamua kuanza mwenyewe kwa siri, anaona aibu kusema, anamtanguliza mtoto. Na mimi nimemvua nguo katikati ya soko. Sikula mchana ule. Deusi akaniuliza kama nina malaria.

Ningeweza kunyamaza, na ndivyo nilivyokusudia. Ukimwomba mtu radhi kwa kumcheka unene, si lazima kwanza umwambie umeuona? Nikageuza jambo hilo huku na huku, likanishinda. Kisha wifi Sesilia akaja mjini kwa shughuli zake, akakaa kunywa chai.

"Nesi wetu amebadilika," akasema. "Zamani alfajiri tulikuwa tunamwona kwa mbali njia ya mashambani, kajifunika kofia ya jaketi. Anaenda polepole, wakati mwingine anakimbia kidogo. Alidhani hatumjui, lakini mwili ule Kakese nzima upo mmoja. Siku hizi hapiti. Na kliniki hatuambii tena kutembea. Anatupima, anatupa dawa, anasema haya nendeni."

"Tangu lini?"

Akataja. Ilikuwa tangu Jumamosi ile.

Sasa sikilizeni. Mimi ni muuza mitumba. Sijasomea mwili wa mtu. Lakini niliona kwamba neno langu moja limefika Kakese, limemkalisha nesi ndani, na limewakalisha wagonjwa wake wote pamoja na wifi yangu ambaye presha yake ilikuwa inapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Kesho yake nikachagua raba tatu pana kuliko zote nilizokuwa nazo. Ya kwanza ya kijivu, ngumu kiasi, ambayo niliamini ndiyo. Ya pili laini kidogo, ya kumlinganishia. Ya tatu ilikuwa mbaya, nawaambia ukweli, rangi ya maji ya mtaro yenye michirizi ya machungwa, ya kiume, imekaa chini ya meza miezi. Hiyo niliichukua ili mfuko wa salfeti usionekane mtupu. Nikapanda bodaboda mpaka Kakese.

Nilifika wagonjwa wameshaondoka. Nesi alikuwa peke yake anapanga mafaili. Aliponiona akasimama.

"Karibu, Mama Kulwa. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimeleta raba za mtoto."

Nilikuwa nimelipanga neno hilo njia nzima. Nilijisemea, kama mtoto ndiye kinga yake, basi sitamnyang'anya.

Akafunga faili alilokuwa ameshika. "Mtoto ameacha mazoezi."

"Kwa nini?"

"Alichekwa."

Nikasema, "Nesi, naomba umpelekee mtoto maneno yangu. Mwambie aliyemcheka ni mjinga. Anauza viatu na hajui miguu. Mwambie raba zile zote tatu zilikuwa mbovu kwake na halikuwa kosa la mwili wake. Ya kwanza nyembamba, ya pili inazama, ya tatu inabana. Hata mimi ningezivaa na kilo hizi zangu zingenitesa. Mwambie mama muuza raba amekuja mwenyewe."

Nesi akakaa chini. Akatoa leso, akajifuta uso. "Nitamwambia," akasema. "Hatoki nje siku hizi. Hataki kuonana na watu."

Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa kila kitu. Nikajiona mwerevu ajabu.

"Basi, Nesi, zijaribu wewe."

"Mimi?" Akashangaa kweli. Mimi nikausoma ule mshangao kama aibu.

"Wewe. Ili nijue."

"Ni kweli mguu wake na wangu ni saizi moja," akasema polepole, akainuka, akafunga mlango, akavua viatu vya kazi. Nikapiga magoti. Nikapima mguu wa kulia na wa kushoto. Ulikuwa umevimba kwa kusimama, mpana kwenye vidole, na arobaini na mbili ilikuwa ya asubuhi tu. Saa ile ilikuwa arobaini na tatu bila ubishi. Nikamfunga kamba nikianzia vidoleni, nikipunguza nguvu pale unyayo unaponyanyuka, nikakaza kwenye kifundo kwa lile tundu la mwisho ambalo wengi wenu mnaliacha wazi.

Kwanza ile ya kijivu. Akatembea toka kwenye mizani mpaka mlangoni, akakunja uso. "Inanigonga hapa." Ile ya pili akasema hapana kabla hajafika mlangoni. Nikabaki na ile mbaya. Nilitaka kumwomba radhi kwanza kwa rangi yake. Akaivaa, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena. Safari ya tatu akawa anaenda haraka, mikono inachezacheza.

"Hizi," akasema. "Mtoto atazipenda hizi."

Nikaichukua ile raba nikaitazama kila upande. Nikaibonyeza, nikaisokota. Haikuwa laini, haikuwa ngumu. Sponji yake kwa kisigino ilikuwa ya kawaida. Kwa nini hii na sio ya kijivu ambayo kila kitu kilikuwa sawa? Niliuliza moyoni siku ile na ninauliza leo. Kuna watu watawapa maneno marefu, na kwenye simu zenu maneno ni mengi zaidi, kila mtu na lake. Mimi nilichobaki nacho ni hiki: mpe raba tatu nzima zenye upana wa kutosha, mwache atembee, unyamaze, na umtazame uso. Mguu ukiwa umefurahi, uso unalegea. Zaidi ya hapo nakisia kama nyie.

"Mwambie mtoto asikimbie kwanza," nikasema nikiondoka. "Atembee wiki kadhaa. Akianza kukimbia, akimbie kidogo, atembee, akimbie kidogo. Na raba hizi zikilala upande asingoje, mtu mzito anazimaliza mapema kuliko mwembamba, na hiyo si aibu."

"Nitamwambia," akasema nesi. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Miezi ikapita. Wifi akaleta habari kwamba alfajiri ile kofia ya jaketi imeanza kuonekana tena njia ya mashambani, na kliniki nesi amerudi kuwagombeza watembee. Nikamshukuru Mungu, nikajipongeza. Kisha likaanza jambo lingine: wanawake wa Kakese, wazito, wakawa wanakuja mezani kwangu mmoja mmoja, wametumwa na nesi, na nusu yao wanasema raba ni za mtoto. Mimi nimeshajua dawa. Nawaambia, "Zijaribu wewe, mama," nawakalisha, nafunga kamba, tunaongea habari za mtoto ambaye hayupo. Ikawa ni mchezo wetu. Siku moja nikamkalisha mama mmoja kwa nguvu, nikamvua kiatu, akaanza kupiga kelele, "Wee mama una wazimu? Mtoto wangu ana miaka tisa!" Deusi nusura aanguke kwenye kiti. Hilo lingetosha kunifundisha. Halikunifundisha.

Ndipo mchana mmoja, soko limejaa vilevile kama Jumamosi ile, akaja binti. Mrefu, mnene, mabega mapana, shingo imenyooka. Watu walimpisha. Akaja moja kwa moja kwenye benchi langu, akakaa, benchi likalia, hakujali. Miguuni alikuwa na zile raba za rangi ya maji ya mtaro, zimekwisha kabisa, soli imelika mpaka mistari imefutika, zimelala kwa ndani zote mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Jenipha. Ni mtoto wa nesi wa Kakese. Hizi zimekwisha, naomba zingine. Ulisema nisingoje."

Nikamtazama usoni, nikatazama raba, nikarudi usoni. Nadhani nilitazama hivyo mara nne.

"Wewe ndiye mtoto?"

"Mama hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Aliniambia kila mara."

Kweli, aliniambia. Hakuwahi kusema mvulana. Hilo nililiweka mwenyewe. Mama yake hakudanganya hata siku moja. Mtoto alimaliza shule, alikuwa nyumbani, alichekwa, hatoki nje. Mimi ndiye niliyekuwa nachimba chini ya maneno yaliyokuwa juu tu, mchana kweupe. Na zile ndala za nesi zilizolala? Binti anatembea kama mama yake, ndio basi. Na yule wa kofia ya jaketi alfajiri, ambaye Kakese nzima ilimdhani nesi, alikuwa huyu. Nina mapacha wanaotembea kama baba yao, ningeshindwaje kulijua hilo?

"Nilimkataza mama asitaje kwamba ni mimi," Jenipha akasema. "Nilitaka niombe uaskari wa wanyamapori, na huko lazima ukimbie. Niliogopa watu wakijua watasema mwili huu unaenda wapi. Basi akawa anakuja yeye. Raba za tatu nazo ziliponishinda nikasema hapana, nitaenda mwenyewe nijaribu. Siku ile nilikuja naye, mama. Nilisimama pale kwenye nyanya, nikisubiri aongee na wewe kwanza aniite. Nikasikia kilo mia. Nikasikia watu wanacheka. Nikarudi stendi."

Nilikuwa nimemwomba radhi mtu ambaye si yeye, kwa sababu ambayo si yenyewe, na radhi ikafika mahali pake. Hilo nalo nielezeni nyie mnaojua, maana mimi linanizunguka kichwani mpaka leo.

"Mama aliniletea maneno yako yote," akaendelea. "Kwamba aliyecheka ni mjinga. Kwamba halikuwa kosa la mwili wangu. Ndiyo nikazivaa." Kisha akaanza kutabasamu. "Ila kuna kitu mama hakukielewa mpaka leo. Aliniagiza nikuulize. Kwa nini siku ile ulimlazimisha yeye kuvaa raba, na mimi nilikuwa nyumbani kwetu, nyuma tu ya zahanati?"

Nikajifunika uso kwa kanga. Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kucheka tu.

Mtataka kujua aliishia wapi. Alienda Sitalike, kule hifadhini, kwenye majaribio ya kukimbia, akamaliza wa pili kutoka mwisho, hawakumchukua. Akaendelea kukimbia. Baadaye kijiji kimoja kikamchukua uaskari wa wanyamapori, na wifi anasema anazunguka porini siku nzima na wanaume wanamwomba wapumzike. Mama yake alihamishiwa Kasansa. Hakupungua hata kidogo, na kama alianza kutembea mwenyewe au hakuanza sijui, maana sasa naogopa kujua chochote kuhusu mtu kwa kumtazama ndala.

Lakini siku ile kulikuwa na kazi. Jenipha alivua raba zake, akaninyooshea mguu. Mguu niliokuwa nauvalisha mwaka mzima bila kuuona. Nikaupima. Haukuwa kama wa mama yake hata kidogo! Ulikuwa mwembamba zaidi kisigino, mrefu zaidi kidole cha pili. Mzee Rubeni angesema hili, bwana wa viungo lile. Mimi nikatandika raba tano mbele yake nikanyamaza.

Akajaribu ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa ya bluu, ngumu kuliko ningemchagulia mimi. Uso wake ukalegea.

"Kwa nini hiyo?" nikamuuliza, maana nilitaka kujua kweli.

"Sijui, mama. Imekaa tu."

"Kimbia mpaka kwenye nyanya urudi."

Akatazama ile njia katikati ya meza. Ilikuwa imejaa watu, mabeseni, na meza ya Deusi imejitokeza mbele kama kawaida yake. Akasimama. Deusi alikuwa amesikia kila neno tangu binti alipokaa, na kinywa chake kilikuwa wazi. Nikamkazia macho nikingojea aseme. Akainuka, akashika meza yake kwa mikono miwili, viatu vingine vikianguka, akaivuta nyuma mpaka ukutani, kisha akawageukia wapita njia.

"Pisheni," akawaambia. "Pisheni, kuna mtu anakimbia."